Nani Atachomelea Meli ya Nne

Wanangu, mlinibana kwenye harusi ile ya Arlington nikiwa na sahani ya pilau mkononi, nami nikawakwepa. Mmoja wenu, yule anayesoma siasa za dunia, aliniuliza, "Mzee, nchi ya wastani, si kubwa si ndogo, inafaa iwekeze kwenye meli za kivita za nyuklia? Is it worth it? Si wewe ulifanya hizo kazi?" Nikasema pilau inapoa. Mkacheka, mkadhani mzee ameishiwa. Sijaishiwa. Jibu ninalo, ila si la kusemwa katikati ya tarabu na watoto wanaokimbizana. Kwa hiyo leo nimekaa mezani kwangu hapa Houston, chai iko pembeni, niwaandikie.

Kwanza niwatoe wasiwasi. Meli ya nyuklia sijawahi kuigusa hata kwa ncha ya kidole. Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea mabomba, baadaye mwalimu na mkaguzi wa wachomeleaji, katika karakana moja upande wa mashariki wa mji, karibu na mfereji zinakopita meli za mafuta. Kazi yetu kubwa ilikuwa ya viwanda vya mafuta na vituo vya umeme. Siri za manowari za watu hatukuwa nazo. Tulichokuwa nacho ni ufundi wa kuchukua mabomba mawili ya chuma cha pua ukayafanya moja, hata maji ya moto wenye kutisha yapite humo miaka na miaka pasitoke hata tone. Chombo chochote kinachoendeshwa na kinu cha nyuklia kina mabomba ya namna hiyo tele. Bila mtu wa kuyachomelea, hicho kinu ni sufuria ghali tu.

Sasa lazima niwaeleze kazi kidogo, la sivyo hamtamwelewa Nabintu, na bila Nabintu jibu langu halina maana.

Nilitoka Mombasa mwanzoni mwa miaka ya tisini nikijiona fundi kweli kweli. Nilikuwa nimefanya kazi chelezoni Kilindini, nimeziba matumbo ya meli za kila bendera. Nikapanga chumba mtaa wa Gulfton hapa Houston na Wazanzibari wawili madereva, na wiki ya pili nikapata jaribio pale karakana. Mwalimu wa pale alikuwa mzee mmoja Mmarekani mweusi wa mashariki ya Texas, Wendell, aliyetumia ujana wake wote kwenye kiwanda cha kuunda nyambizi. Nikamchomelea kiungo changu, nikajifuta jasho, nikasubiri sifa. Akakigeuza, akakimulika kwa tochi ya betri, akasema, "Kizuri. Kizuri sana kwa geti."

Nilichukia wiki nzima. Kumbe alikuwa sahihi, na alinifundisha kila kitu upya kana kwamba ndiyo kwanza nashika moto. Brashi iliyogusa chuma cha kawaida haigusi chuma cha pua, hata ukiiosha kwa sabuni ya harusi. Bomba unalisafisha kwa asetoni, kisha hulishiki tena kwa mkono mtupu, maana mafuta ya kidole chako yanatosha kuharibu. Na kabla ya kuwasha moto nje, unajaza gesi ya agoni ndani ya bomba ili hewa itoke. Usipojaza vizuri, upande wa ndani unaungua na kufanya chembechembe nyeusi, mafundi tunaziita sukari. Nje kiungo kinang'aa kama kikombe kipya, ndani kimeoza. Niliwahi kutengeneza sukari ya kutosha chai ya mtaa mzima.

Wendell alikuwa na kabati. Alilitengeneza mwenyewe kwa mbao, kubwa kidogo kuliko kabati la nguo, akaweka mabomba ndani yakabanana kama yanavyobanana ndani ya nyambizi. Unaingia ubavu, unajikunja, na kiungo kiko nyuma ya bomba jingine, hukioni. Unatundika kioo kidogo cha kiasi cha kiganja, unachomelea ukitazama kiooni. Ukipeleka mkono kulia, kiooni unakwenda kushoto. Ukisogeza tochi ya kuchomelea karibu, unaiona inakimbia. Watu wazima wametoka mle na machozi. Mimi siku yangu ya kwanza niliingia baada ya biriani ya Ijumaa na nikanasa. Wendell akaleta bisibisi afungue ubao mmoja, lakini kabla ya kufungua akaenda kuwaita watu wa idara zote waje kuniona. Mpaka nilipostaafu kulikuwa na wazee pale wanaoniita Biriani.

Ukimuuliza kuhusu nyambizi alizojenga, alikuwa anakuhadithia mpira. Alikula kiapo cha siri ujanani na hakukivunja hata mbele ya mkewe.

Jambo la mwisho la kazi, na hili lishikeni sana. Fundi wa daraja lile ana muhuri wake wa chuma wenye namba, anaugonga pembeni ya kila kiungo alichochomelea, ili kikivuja baada ya miaka ishirini ijulikane ni mkono wa nani. Muhuri huo unakwenda na cheti. Na cheti kina sheria moja isiyo na huruma: ukikaa miezi sita hujachomelea kwa njia ile, kinakufa. Haijalishi ulikuwa bingwa, haijalishi ulikuwa mgonjwa. Kimekufa, na unaanza upya. Sheria hiyo haikutungwa na watu wabaya. Mkono kweli unasahau, na kwenye kazi hizi hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kugundua umesahau kiasi gani.

Basi mwishoni mwa miaka ile ya tisini wakaja wageni kutoka nchi fulani. Siitaji, wenyewe wanajijua. Ni nchi ya wastani kama alivyosema mwenzenu: ina pwani ndefu kupita kiasi, ina pesa lakini si za kumwaga, na nyambizi zake za dizeli zilikuwa zimezeeka. Nyambizi ya dizeli, wanangu, lazima ipande juu mara kwa mara ivute hewa, na ikipanda inaonekana. Ya nyuklia inakaa chini mpaka chakula cha mabaharia kiishe. Kwa nchi yenye bahari kubwa na meli chache, tamaa hiyo inaeleweka, nami niliielewa tangu siku ya kwanza. Walitaka kujenga tatu, na walitaka tuwafunzie kundi la wachomeleaji vijana kama kumi.

Asubuhi ya kwanza vijana wale wamejipanga, mimi nikanong'ona kwa Kiswahili, nikijua hakuna wa kunisikia, "Ya Rabi, hawa watoto wataniunguzia karakana. Tazama huyo mrefu, anashika tochi kama mswaki."

Yule mrefu akageuka. Alikuwa binti. "Vieux," akasema, yaani mzee kwa Kifaransa cha kwao, "ule murefu ni miye. Na hii tochi iko muzito, unataka niishike namna gani?"

Nilitamani sakafu inimeze. Ndiye Nabintu. Alizaliwa Bukavu, mama yake akampeleka nchi ile akiwa mtoto mdogo, akakulia huko, akapata uraia huko. Mama yake alisafisha ofisi za watu mpaka magoti yakaisha. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao Kongo na changu cha Mvita, tulichekana kila siku, lakini tangu asubuhi ile akawa mwanangu. Nilikuwa nimeshahama Gulfton nikapata nyumba yangu, akawa anakuja kula kila Jumapili.

Mkono wa binti yule sijui niuelezeje. Wengine walipigana na kioo, yeye alikaa nacho. Wa kwanza kutoka kabatini na kiungo kisicho na kasoro alikuwa yeye, na picha ya eksirei ilivyorudi ilikuwa safi mpaka mpiga picha akadhani amesahau kuweka filamu. Wendell alikitazama kiungo kile muda mrefu, akazima tochi, akamwuliza Nabintu kama angependa nusu ya mkate wake. Sijapata kumwona akimgawia mtu mwingine chakula.

Nabintu naye alikuwa na kosa lake, msije mkadhani namsifia malaika. Alikuwa na haraka ya kusifiwa. Mara moja alifunga gesi ya ndani mapema ili awe wa kwanza kumaliza, bomba halijapoa, akatengeneza sukari ya kutosha. Nikamkatia kipande hicho, nikampa aweke kwenye begi lake. Alikuwa nacho miaka yote.

Idi moja nikampeleka Arlington kwa dada yangu Rukia. Mnamfahamu Bi Rukia, amewazalisha mama zenu nusu yenu. Wakati ule alikuwa nesi wa hospitali kubwa, anafanya shifti mbili, na maneno yake yalikuwa makali zaidi kuliko sasa. Nilianza kujigamba mezani kuhusu vijana wangu na nyambizi zao. Rukia akaweka kijiko chini.

"Kaka, hebu nieleze. Hiyo nchi wagonjwa wao hawalali kwenye korido?"

"Wanalala. Kila nchi wanalala."

"Basi? Three ships! Unajua hizo ni hospitali ngapi? Halafu meli yenyewe ikizeeka lile jiko lake mnalitupa wapi? Mimi nikitupa sindano moja nafuatwa na inspector."

Nikamjibu kwamba bahari isiyolindwa ina wenyewe wengine, kwamba nchi haiwezi kuishi kwa kuazima meli za jirani mkubwa, kwamba ufundi ule ukijifunza kwa nyambizi unakufaa pia kwa umeme na kwa hospitali. Nilisema vizuri. Rukia naye alisema vizuri. Tulipandishiana sauti mpaka shemeji akawapeleka watoto nje. Mpaka leo nasikitika kwamba tuligombana vile siku ya sikukuu, maana kila mmoja wetu alikuwa ameshika kweli ya upande wake na hakuna aliyekuwa anazungumzia kilichokuja kutokea.

Mwisho Rukia akamgeukia Nabintu. "Wewe mwanangu, una mikono mizuri na una subira. Achana na hizi chuma. Nita-help u-apply nursing school mwaka huu huu, utakaa kwangu hapa."

Nabintu alitabasamu, akavuta muhuri wake mfukoni. Alikuwa ameufunga kwenye kipande cha kitenge cha mama yake. "Aksanti, tantine. Lakini inchi yangu ndiyo ilinituma. Toka nikiwa mutoto, ni siye tulikuwa tunawaomba: karatasi, nyumba, kazi ya mama. Hii ni mara ya kwanza wao wananiita miye."

Rukia alimwongezea nyama kwenye sahani. Nabintu hakuniuliza ushauri, na sijawahi kujua kama angeniuliza ningemwambia nini tofauti. Nadhani ningemwambia aende. Ilikuwa kazi nzuri mno.

Siku ya kuwaaga wakaja wakubwa wa nchi ile wamevaa suti, wakapiga picha na sisi. Mmoja akamwuliza Wendell kama ana neno la mwisho. Wendell akauliza, "Nani atachomelea meli ya nne?"

Yule bwana akatabasamu kwa adabu. Akasema labda hakueleweka, mpango ni wa meli tatu.

"Nimeelewa," Wendell akasema. "Ndiyo maana nauliza."

Sikumwelewa siku ile. Alinieleza baadaye tukifagia. Mchomeleaji wa mabomba anafanya kazi kwenye meli moja miaka miwili, labda mitatu, kisha sehemu yake imekwisha. Kwenye nchi kubwa kuna meli nyingine tayari kwenye chelezo, anahamia, mkono haupoi. Nchi ya wastani inajenga ya kwanza kwa shangwe, ya pili kwa kuchelewa, ya tatu kwa kugombana bungeni, halafu inanyamaza. Meli zinakaa baharini miaka thelathini zikihitaji kufunguliwa na kufungwa tena, na watu waliojua kuzifunga wameshakwenda kuuza magari. Nilimwambia anaona giza tu. Akanipa fagio.

Kumbe hata Wendell alikuwa na matumaini kupita kiasi. Walirudi kwao, wakaanza kazi kwenye vipande vya majaribio, Nabintu akawa ananipigia simu kuniambia kiwanda kinanukia rangi mpya. Kisha serikali ikabadilika. Serikali mpya ikasema mpango umesimamishwa. Hawakusema umefutwa. Sitakaa niwasamehe kwa neno lile, maana lingekuwa umefutwa kila mtu angelia siku tatu akatafuta maisha.

Wenzake walitawanyika. Mmoja akaenda kwenye mabomba ya gesi, mmoja akafungua duka la ekzosi za magari, wengine sikuwasikia tena. Nabintu alienda kumwuliza ofisa aliyewasimamia, na yule akamwambia, nadhani kwa nia njema, "Weka cheti chako hai. Tukianza tena, wenye vyeti hai ndio wa kwanza kuitwa."

Na yeye akaliamini.

Akisubiri, alirudi huku Texas, akaolewa na kijana Mkongomani aliyekuwa ameletwa na shirika la wakimbizi kule Dallas, wakaishi mtaa wa Vickery Meadow kwenye magorofa yale yaliyosongamana. Mama yake alikuwa ameshafariki. Karakana za karibu naye zilikuwa za mageti na matrela, wanachomelea kwa njia nyingine ambayo kwenye cheti chake haihesabiwi, na wakimwona mwanamke walimpa ufagio. Wenye karakana yetu nao walikuwa hawaajiri. Watoto walipokuja ilibidi apate kazi yenye bima, na ni Rukia huyo huyo aliyemtafutia, msaidizi wa wagonjwa kwenye nyumba ya wazee. Kazi ya kuwanyanyua watu wazima kutoka kitandani, kuwaogesha, kuwarudisha.

Lakini kila kabla ya miezi sita kutimia, Nabintu alipanda basi asubuhi akaja Houston. Safari nzima, masaa ya kutosha kusinzia na kuamka mara mbili, ili aje achomelee bomba moja. Tulikuwa tunamwekea vipande vya mabaki. Anabadilisha nguo, anaingia kabatini, anatundika kioo. Mimi nasimama kama shahidi. Picha ikirudi safi anagonga muhuri wake, cheti kinapata miezi sita mingine, tunakaa kula. Alikuwa akija na sombe, kisamvu cha kwao, ndani ya kopo la aiskrimu, na Wendell, ambaye hakuwahi kula kitu asichoweza kukitamka, alilisubiri kopo lile kama mtoto. Alikwishastaafu wakati huo, lakini siku za Nabintu alikuja, anakaa kwenye kiti cha kukunja mbele ya kabati.

Miaka ilikwenda hivyo. Mara moja nilimwambia, "Mwanangu, hawa watu hawapigi." Akasema, "Vieux, ni kweli. Lakini siku watapiga, wasikute sipo."

Wendell tulimzika kiangazi kimoja chenye joto la kuyeyusha lami. Mwaka uliofuata karakana ikaleta mashine inayojizungusha yenyewe kwenye bomba, unaifunga kama bangili, unabonyeza, inachomelea. Ni mashine nzuri, sikatai, haina njaa na haina hasira. Lakini inahitaji nafasi pande zote, na penye kubanana bado anaitwa mtu. Msimamizi mpya alitaka kabati litupwe. Nikalisukuma nyuma ya stoo, nikalifunika turubai.

Mara ya mwisho Nabintu alipokuja, nilijua tangu aliposhika glavu. Alichelewa kufunga kifungo. Mikono ilikuwa inamfa ganzi kwa miezi, aliniambia baadaye, vidole vitatu vya kulia, kwa ajili ya kunyanyua wazee. Aliingia kabatini akakaa mle muda mrefu kuliko kawaida. Nilisikia moto ukikatika, ukiwaka, ukikatika tena. Moto ule hautakiwi kukatika. Nilikuwa nasali kimoyomoyo, wanangu, kwa ajili ya bomba la mabaki.

Alipotoka tulikikata kiungo pamoja. Hatukuhitaji hata picha. Alikimulika mwenyewe ndani.

"Ni kivuli tu," nikasema.

"Haiko kivuli. Ni mahali sikufika." Akanitazama. "Usininyamazishe, vieux. Wewe ndiye ulinifunza kuona."

Nikamwambia apumzike, ale, ajaribu tena mchana. Akajaribu. Ilikuwa mbaya zaidi. Akafungua kile kitenge, akautoa muhuri, akauweka kwenye meza yangu ya kazi, akakaa kwenye kile kiti cha Wendell. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikaenda chooni kujifanya naosha uso. Niliporudi alikuwa anapakua sombe, sahani mbili tu.

Haukupita muda mrefu, mvua za mwaka ule zilikuwa hazijaisha, simu ikaita ofisini. Bwana mmoja wa sauti ya upole, kutoka nchi ile. Serikali ilikuwa imebadilika tena. Mpango ulikuwa unafufuliwa. Alikuta kwenye majalada kwamba karakana yetu iliwahi kuwafunzia vijana wao.

"Wangapi bado wana vyeti hai?" akauliza.

Muhuri ulikuwa mbele yangu, juu ya meza, nilikuwa sijauondoa.

"Hakuna," nikasema.

Akauliza kufunza wengine kutachukua muda gani. Nikamwambia kwamba aliyenifunza mimi amekufa, na mimi mwenyewe nimebakiza kidogo nistaafu, ila kabati lipo. Hakuelewa habari ya kabati. Alinishukuru sana akakata, na sikumsikia tena. Baadaye nilisoma gazetini kwamba wameanza kubishana upya kama wajenge au wasijenge, na hoja zilikuwa zile zile za mimi na Rukia mezani siku ya Idi.

Sasa kijana wangu wa siasa, jibu lako ni hili. Nchi ya wastani inaweza kuwa na meli hizo. Si dhambi, na wakati mwingine ina sababu nzuri. Lakini isianze kwa kuuliza kama ina pesa za meli ya kwanza, maana pesa za ya kwanza hupatikana daima, kuna bendera na kuna picha za kupigwa. Ijiulize itamfanyia nini Nabintu mwaka ambao hakuna meli kwenye chelezo. Itampa mabomba ya kituo cha umeme? Itampa wanafunzi wa kufundisha? Serikali ikibadilika, aliyeingia atamlisha fundi wa aliyetoka? Kama haiwezi kuahidi hayo, na kuyaahidi mbele ya wapinzani wake wenyewe, basi inunue nyambizi za dizeli izitunze vizuri, pesa inayobaki impe Rukia vitanda. Nami nawaambia haya nikiwa mtu aliyezipenda meli zile bila kuziona.

Nyie wengine, ambao hamtajenga meli, mtakuwa mameneja na wakurugenzi, nimewaona mnavyovaa. Siku mkimtuma mtu ajifunze kitu kigumu kisha mkabadili mawazo, mwambieni imefutwa. Msimwambie imesimamishwa.

Jioni ya siku ile ya simu nilimpigia Nabintu. Nilizunguka zunguka, nikauliza watoto, nikauliza mkono, mpaka akaniambia, "Sema, vieux." Nikamwambia wamepiga.

Nilisikia televisheni nyuma yake na mtoto mmoja akiuliza kitu kwa Kiingereza. Kisha akaniuliza taratibu, "Waliuliza jina langu?"

Hawakuliuliza. Yule bwana aliuliza wangapi.

"Waliuliza," nikamwambia. "Wakalitamka vibaya."

Akacheka. Akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Ndiyo wao. Ndiyo wao kabisa, hawakuwezaka hata siku moja." Kisha akasema acha akalaze watoto, ana shifti alfajiri.